Maji ya Lita Moja ya Dizeli

Mtambo wa kusukuma maji ya umwagiliaji haupimwi kwa ukubwa wa injini wala kwa bei yake dukani. Hupimwa shambani ukiwa kazini, kwa mambo matatu: maji kiasi gani yanatoka kwa sekunde, yanapandishwa kimo gani, na mafuta au umeme kiasi gani unatumika kuyapandisha. Yakishajulikana hayo, hesabu iliyobaki ni fupi. Lita kwa sekunde huzidishwa kwa mita za kimo, kisha kwa 9.81, na jibu hugawanywa kwa 1,000. Kinachopatikana ni nguvu, kwa kilowati, ambayo maji yenyewe yameipokea. Nguvu hiyo ikilinganishwa na mafuta yaliyoungua, mtambo hujulikana kama ni mzima, ni mgonjwa, au haukustahili kununuliwa tangu mwanzo.

Upande wa Mwanza wa Ziwa Victoria, kulikuwa na kizazi cha mafundi na mabwana shamba walioifanya hesabu hiyo bila kuona shida. Leo kijana aliyetoka chuoni akiulizwa pampu fulani inatoa maji kiasi gani, huinama akasoma kibandiko. Kibandiko kinasema lita 1,000 kwa dakika, kusukuma mita 30, kuvuta mita 8, naye huziandika namba zote tatu kwenye ripoti kama vile pampu inaweza kuzitimiza kwa pamoja. Haiwezi. Lita 1,000 hutoka pale tu maji yasipopandishwa karibu kokote. Kwenye mita 30 hayatoki kabisa. Kati ya ncha hizo mbili ndipo pampu inapofanya kazi yake yote, na mahali hapo hapaandikwi kwenye kibandiko chochote. Inabidi papimwe.

Namba ya kuvuta ndiyo inayoumiza zaidi Mwanza. Pampu haiyavuti maji; huiondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyapandisha. Tanga au Dar es Salaam, uzito huo unatosha kuinua maji mita 10.3. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kikomo hushuka hadi karibu mita 9. Ukiondoa msuguano wa bomba, mvuke wa maji ya uvuguvugu na akiba ambayo kila pampu huihitaji ili isiile impela, gurudumu lake la ndani, zinabaki mita 5, na kwa mtambo mzuri 6. Wakulima wengi wa Magu na Sengerema wamelaumu pampu nzima kwa kosa la kibandiko kilichoandikwa kwa ajili ya pwani ya bahari. Injini nayo hupungukiwa: isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake katika kimo hicho, hata ikiwa mpya kutoka kwenye sanduku.

Kabla ya pampu, umwagiliaji ulikuwepo. Kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, kilijulikana na maofisa wa kilimo wa Kiingereza kwa kilimo chake cha samadi na kwa mabonde yaliyomwagiliwa kwa vijito, kwenye ardhi ndogo yenye watu wengi mno. Bara ya Usukuma, watu walizisoma ardhi zao kwa majina: luseni, mchanga wa juu karibu na majabali, itogolo katikati, mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Majina hayo yana thamani kwa mpimaji wa pampu hadi leo. Luseni hunywa maji upesi na huyaachia upesi, hivyo hutaka maji kidogo mara nyingi. Mbuga hujaa taratibu na hukaa na unyevu kwa siku nyingi. Mtambo uleule unaotosha shamba kwenye mbuga unaweza kushindwa eneo dogo zaidi la bustani kwenye luseni, pasipo hitilafu yoyote ndani yake.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, ziwa lilitazamwa tu. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua ambazo, pamoja na mengine, zilizuia kazi za umwagiliaji kwenye Nile, matawi yake na maziwa yake katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, bila ridhaa ya Misri. Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mwalimu Nyerere aliikataa hali hiyo mara tu baada ya Uhuru, na Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haitafungwa na barua za 1929. Vitabu vya sheria vya nchi nyingi vinautaja msimamo ule kwa jina la Mwalimu. Shambani, tarehe hizo hazikubadilisha chochote kwa haraka. Pamba ya Usukuma ilitegemea mvua, utafiti wa Ukiriguru ulihusu mbegu na wadudu, na malambo yaliyochimbwa baada ya Vita Kuu ya Pili yalikuwa ya ng'ombe. Hakuna barua ya kidiplomasia iliyokuwa imeuliza dizeli itatoka wapi.

Somo la kwanza la pampu kando ya ziwa halikutolewa na mhandisi. Lilitolewa na ziwa lenyewe. Kuanzia mvua za mwishoni mwa 1961 hadi katikati ya 1964, maji yalipanda zaidi ya mita 2, yakameza bustani, magati na vibanda vya ufukweni. Mashine iliyokuwa imewekwa mahali pazuri ilijikuta majini. Miaka iliyofuata maji yalishuka tena, na ile iliyohamishiwa juu ikajikuta mbali na maji, ikivuta kimo kisichovutika. Tangu wakati huo, mafundi wenye akili hawakujenga msingi wa zege bila kuuliza alama ya maji ya 1964 iko wapi, na wazee wa kijiji waliionyesha juu ya jabali bila kusita. Tofauti kati ya kilele kile na kina cha chini kilichokuja kuonekana 2006 ni karibu mita 3. Kwa pampu yenye mita 5 tu za kuvutia, mita 3 ni zaidi ya nusu ya uhai wake.

Fundi aliyewafundisha watu wengi mambo haya alikuwa na kibanda cha mabati mjini Mwanza, karibu na mto Mirongo. Alijifunza kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akaondoka na kuanza yake. Wengine husema ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha, wengine husema baada. Kazi yake haibadiliki kwa jibu lolote. Kibanda kile kilikuwa na harufu yake, na aliyewahi kuingia hawezi kuichanganya na ya gereji. Gereji hunuka mafuta machafu na petroli. Kwake kulinuka dizeli safi, grisi, chuma kilicholowa, matope ya ziwa yaliyokauka ndani ya magamba ya pampu, na juu ya vyote pakingi: ile kamba ya nyuzi iliyosokotwa na kupakwa mafuta na grafaiti, inayozungushwa kwenye shafti ili maji yasitoke. Aliikata vipande kwa kisu kikali, mwisho wa kila kipande ukiwa umelalia pembe, na kuvipanga ili maungio yasikutane.

Pakingi ndiyo iliyokuwa mtihani wake wa kwanza kwa fundi yeyote aliyetaka kazi. Mwanafunzi huambiwa azuie uvujaji. Asiyejua hukaza nati mpaka tone la mwisho likauke, akasimama akitabasamu. Pampu ya namna ile imetengenezwa idondoshe. Matone ndiyo yanayopoza shafti, karibu tone kwa kila sekunde. Ikikazwa ikauka, pakingi huungua, shafti huchimbika, na injini hula mafuta ya ziada kwa kupambana na breki ambayo mtu ameifunga kwa mkono wake. Pampu nyingi zilizoletwa kwake kama zimechakaa zilikuwa zimekazwa tu.

Mtihani wa pili ulifanyika nje, na ndio uliomfanya ajulikane. Hakurudisha pampu kwa mwenyewe bila kuipima, na hakupokea mpya kutoka kwa mfanyabiashara bila kuipima vilevile. Vifaa vyake vilikuwa pipa la lita 200, saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, chupa ya lita moja, na mpira mwembamba unaoonyesha maji, kama ule wa waashi wanaosawazisha msingi. Kwa mpira huo alipata tofauti ya kimo kati ya uso wa maji na mdomo wa bomba, hatua kwa hatua, bila darubini. Tangi la injini lilifungwa, injini ikanyweshwa kutoka kwenye chupa, na pipa likajazwa na kumwagwa, likajazwa na kumwagwa, hadi chupa ilipokauka. Alihesabu mapipa kwa chokaa kwenye bati.

Mazungumzo yake na wakulima yalifuata mkondo uleule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Inatoa mapipa mangapi kwa chupa?"

"Hilo sijui, mzee. Ila inanguruma vizuri."

"Kunguruma hakumwagilii nyanya. Iteremshe tuione."

Injini alizozipenda zilikuwa Lister za Kiingereza, zile nzito za kuzungusha kwa mkono, mizunguko 650 kwa dakika, zilezile zilizosaga mahindi vijijini kote Afrika Mashariki. Mwendo wa polepole ulikuwa faida yao. Injini ya dizeli inayozunguka polepole huchoma mafuta yake vizuri, na pampu iliyofungwa kwa mkanda na puli ya ukubwa unaofaa huzunguka kwa kasi iliyokusudiwa. Puli ndiyo iliyokuwa siri. Mtu akibadilisha puli kwa iliyopatikana dukani, kasi ya pampu hubadilika, na nguvu inayotakiwa haiongezeki kwa kadiri hiyo tu: kasi ikipanda mara mbili, nguvu hupanda karibu mara nane. Mzee huyo alirudisha mitambo mingi kwenye uhai kwa kubadilisha puli peke yake.

Aliandika kila kipimo kwenye daftari la shule: tarehe, kijiji, kimo, sekunde za pipa, mapipa ya chupa, na maneno machache ya maelezo. Mtambo uleule ulipoletwa tena baada ya misimu kadhaa, ukurasa wa zamani ulifunguliwa. Uliojaza pipa kwa sekunde 25 sasa ulilijaza kwa 40, na mwenyewe alikuwa hajatambua, kwa sababu kupungua kulikuja kidogo kidogo, na kila msimu aliongeza muda wa kumwagilia akidhani jua limezidi. Kilichokuwa kimetokea ni mchanga. Maji ya ufukweni, hasa penye mawimbi, hubeba mchanga mwembamba unaosugua impela na pete iliyo pembeni yake. Mwanya wa karatasi chache unapopanuka, maji huzunguka ndani ya gamba badala ya kwenda shambani. Kibanda kilivunjwa barabara ilipopanuliwa. Madaftari hayakuwekwa popote, na hiyo ni hasara ambayo haiwezi kufidiwa na programu yoyote ya simu, kwa kuwa yalikuwa kumbukumbu ya miaka mingi ya mitambo ileile, kwenye maji yaleyale.

Hesabu ya pipa la sekunde 25 inafaa kufuatwa hadi mwisho. Lita 200 kwa sekunde 25 ni lita 8 kwa sekunde. Kimo chote, pamoja na msuguano wa bomba, kikiwa mita 12, maji yanapokea kilowati 0.94. Pampu ndogo ya petroli inayotumia lita 1.5 kwa saa huwa inageuza kila lita ya petroli kuwa uniti (kilowati-saa) 0.63 za kazi ya maji. Hekta moja ya mboga wakati wa kiangazi, ikihitaji milimita 5 kwa siku, hutaka mita za ujazo 50. Pampu hiyo hutumia chini kidogo ya saa mbili na lita 2.6 za petroli kwa siku. Sasa pipa lijae kwa sekunde 40, petroli ikiwa ileile kwa saa: siku hiyohiyo hutaka lita 4.2. Katika msimu wa siku 100, tofauti ni lita 156. Mkulima wa vitunguu hupoteza fedha hizo bila kuibiwa na mtu yeyote, na kwa kawaida huilaumu bei ya vitunguu sokoni.

Kuna vipimo vya kulinganishia. Vinavyotumika sana vilitoka Chuo Kikuu cha Nebraska nchini Marekani, jimbo lenye makumi ya maelfu ya visima vya umwagiliaji. Kwa kipimo hicho, mtambo mzuri wa dizeli unapaswa kutoa karibu uniti 2.5 za kazi ya maji kwa kila lita, na wa umeme uniti 0.66 kwa kila uniti inayolipiwa. Si ukamilifu, ni kiwango ambacho mtambo uliochaguliwa na kutunzwa vizuri unakifikia. Pampu ya petroli ya mfano wa hapo juu, ikiwa mpya, iko robo ya kiwango cha dizeli. Wakulima wa Kayenze, Luchelele na Magu hawana budi kulijua hilo wanapochagua, maana pampu ya petroli ni rahisi siku ya kununua na ghali siku zote zinazofuata.

Miaka ya 1970 serikali za pande zote za ziwa ziliamini mitambo mikubwa. Kenya ilikuwa imeanzisha Ahero, karibu na Kisumu, mwaka 1969, ikipampu maji ya mto Nyando kwenye majaruba ya mpunga. West Kano ikafuata katikati ya muongo, na huko maji yalichukuliwa ziwani moja kwa moja. West Kano ni somo kamili la upimaji: ardhi ni tambarare na ya chini, hivyo maji hupampiwa kuingia, na ya ziada hupampiwa tena kutoka. Kila tone hulipiwa mara mbili. Skimu zote mbili hazifiki hekta 1,000 kila moja. Mwea, kusini ya Mlima Kenya, hupata maji ya mito ya Thiba na Nyamindi kwa mteremko, bila mota, na iliendelea kulima wakati Ahero na West Kano zilipokwama karibu na mwaka 2000 na kusimama kwa miaka kadhaa hadi zilipofufuliwa. Bili za umeme zilikuwa miongoni mwa yaliyoziangusha. Mpunga uliota vizuri. Udongo ulikuwa mzuri na ziwa halikukauka. Bei ya kupandisha mita moja ya ujazo ndiyo iliyoizidi bei ya mchele.

Upande wa Tanzania, bonde la Bugwema, Musoma Vijijini, lilitajwa kama shamba la kumwagiliwa tangu wakati huohuo, na limeendelea kutajwa bungeni hadi leo. Nyatwali, Bunda, ilipata mradi wa kupampu maji ya ziwa. Baadaye wakazi wa kata hiyo wakatakiwa kupisha Hifadhi ya Serengeti. Ukerewe kuna Bugorola na Miyogwezi. Kila mahali swali la mwanzo lilikuwa hekta ngapi, na mara chache mno likawa shilingi ngapi kwa mita moja ya ujazo kwenye mdomo wa mfereji. Ripoti za miradi ya aina hii hujaa ekari, kaya na tani zinazotarajiwa. Mtu akitafuta ukurasa unaoonyesha kimo kilichopimwa na mafuta yaliyopimwa, mtambo ukiwa tayari umefungwa na unafanya kazi, atafungua kurasa nyingi.

Baada ya Vita vya Kagera hakukuwa na cha kupima. Dizeli ilitolewa kwa kibali, beringi zilisafiri kutoka Nairobi ndani ya mifuko ya nguo, na mtambo uliokosa sili ya shilingi chache ulikaa nje misimu miwili. Mitambo mingi mizuri ilikufa katika miaka ile, si kwa uchakavu, bali kwa kunyofolewa kipande kimoja kimoja ili kuokoa mwenzake. Watu wa kizazi hicho bado huokota nati barabarani.

Ruksa ya biashara huria ilipokuja, pampu zilijaa madukani. Za Kijapani kwanza, nyepesi, za kubebwa na mtu mmoja kwenye baiskeli. Za Kichina baadaye, kwa bei ya theluthi. Bustani za nyanya na kabichi zilishuka hadi kwenye matete. Wakati huohuo gugu maji lilifunika ghuba, na kwa miaka ya 1990 chujio la bomba la kuvutia lilikuwa kazi ya mtoto aliyekaa majini siku nzima akiling'oa mizizi. Chujio lililoziba nusu huongeza kimo cha kuvuta bila mtu kuona. Pampu huanza kutoa mlio wa kokoto ndani yake, na mlio huo ni mvuke unaopasuka na kula chuma. Geji ya kuvuta ya bei ndogo ingelionyesha tatizo hilo kwa mshale. Pampu za kukanyaga kwa miguu za KickStart nazo zilifika, zikawasaidia wenye robo ekari, na zilikuwa na uaminifu mmoja ambao injini hazina: aliyekanyaga alijua kimo kwa magoti yake.

Kisha ziwa likashuka hadi 2006, kwa ukame na kwa maji yaliyopitishwa kwa wingi Jinja, na mipira ya kuvutia ikarefushwa. Hapo ndipo kosa la bomba jembamba lilipoenea, nalo halijaondoka. Lita 8 kwa sekunde ndani ya bomba la inchi 3, urefu wa mita 100, hupoteza zaidi ya mita 4 za kimo kwa msuguano. Ndani ya bomba la inchi 2 hupoteza zaidi ya mita 30, maana yake hazipiti kabisa. Pampu hutoa kidogo na kuunguza kilekile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa matope na dawa za nyanya vilikuwa vikiishia majini. Lakini mita 60 hizo ni bomba, na anayeuza pampu ya inchi 3 pamoja na mpira wa inchi 2 kwa sababu ndio uliopo anamuuzia mkulima hasara.

Kinachosikitisha ni kwamba maji ya kunywa hayakuachwa hivyo. Mwaka 2009 maji ya ziwa yaliyochukuliwa Ihelele, Misungwi, yalifika Shinyanga na Kahama, kazi iliyoanza bila kuomba ridhaa ya Cairo. Mtambo wa aina ile una mita, geji na watu wanaosoma namba kwa zamu, usiku na mchana, kwa sababu uniti za umeme zikipanda bila maji kupanda, mamlaka hufilisika. Skimu za mpunga mara nyingi hazina geji hata moja. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ipo kwa sheria ya 2013, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria hutoa vibali vya kutumia maji, na kibali husema mita za ujazo ngapi zinaruhusiwa. Kipimo cha mtambo chenyewe, kila baada ya misimu miwili, kingegharimu pipa, saa na siku moja ya fundi.

Mvua za 2020, na tena za 2024, zimelirudisha ziwa kwenye kimo cha 1964 na kukivuka. Misingi ya zege iliyojengwa karibu na maji wakati wa ukame imezama. Waliohama ni wenye pampu za kubeba, na wenye pampu za jua zilizofungwa kwenye maboya.

Pampu za jua zinataka upimaji wake wenyewe, na ndizo zinazouzwa zaidi sasa kwa maneno matupu. Hazina mafuta ya kuhesabu, kwa hiyo muuzaji husema maji ni ya bure. Gharama yote imelipwa mwanzoni, na inabidi igawanywe kwa mita za ujazo za miaka yote ambayo mtambo utaishi. Lita zake kwa sekunde hubadilika kila saa. Kuipima saa sita mchana bila wingu ni kupata namba kubwa isiyodumu, na ndiyo inayoandikwa kwenye matangazo. Pipa lijazwe saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, sekunde ziandikwe kila mara pamoja na kimo cha maji ya siku hiyo. Kisha kila kipimo kigeuzwe lita kwa sekunde, wastani wa kila vipimo viwili vinavyofuatana uzidishwe kwa sekunde 7,200 zilizo katikati yao, na majibu yajumlishwe na kugawanywa kwa 1,000 yawe mita za ujazo. Kazi hiyo irudiwe siku ya mawingu, na irudiwe Julai, kiangazi kinapokaza. Jumla ndogo kati ya hizo, ikigawanywa kwa mita za ujazo 50, ndiyo idadi ya hekta za mboga ambazo mtambo huo unaweza kuahidiwa.